Boksi Lisilowekwa Chini

Mvua ilinyesha Uthai Thani siku nne mfululizo. Siku ya tano ukabaki ukungu mtupu, mweupe, mzito, uliopanda kutoka mtoni ukaingia hadi vibarazani bila kubisha hodi. Inspekta Duangta alipoegesha gari mbele ya duka la Mzee Thongdam hakuuona mto wala daraja. Alimsikia tu mtu akikohoa ng'ambo ya maji, karibu sana, utadhani yumo garini.

Kabla ya kushuka alifungua simu. Video ilikuwa ya sekunde hamsini na mbili: boksi dogo, kisu, utepe unakatwa, gazeti linatolewa, chini ya gazeti hamna kitu. Alikuwa ameitazama mara kumi. Akaitazama ya kumi na moja, akashuka.

Duka lilikuwa na upana wa milango miwili. Kwa miaka arobaini na moja Thongdam alifanya humo kazi moja tu. Watu walimletea hirizi zao za udongo zenye sura ya Buddha, naye akazivisha fremu za fedha na plastiki ngumu ili jasho na maji visizifikie. Hirizi za wateja hazikukaa mezani. Zilitundikwa ukutani juu kuliko kichwa cha mtu yeyote, kila moja na msumari wake na bahasha yake yenye jina. Duangta alihesabu misumari sitini na mbili. Bahasha zilikuwa tatu.

"Wamekuja kuchukua za kwao," alisema Thongdam, akiyafuata macho yake. "Wengine hawakungoja hata nimalize kusugua. Umekuja kunikamata?"

"Nimekuja kuuliza, mjomba."

"Afadhali. Kaa. Wilasini, mpe afande kahawa."

Wilasini, binti wa dada yake, ndiye aliyeendesha duka la mjomba wake mtandaoni. Alileta kahawa ya barafu kwenye mfuko wa plastiki wenye mrija, na pamoja na kahawa akaleta hasira zake zote.

"Leo Jumatano, sivyo? Basi wale wa mtandaoni wamempa mjomba hadi Ijumaa saa kumi na mbili jioni. Asipokiri na kuomba radhi, picha yake inabandikwa kwenye ukuta wa matapeli. Kundi lile la wapenzi wa hirizi lina watu laki mbili, afande. Laki mbili! Nani atamletea tena hirizi yake?"

"Bei yenyewe ilikuwa baht laki nne na themanini elfu," alisema Duangta. "Soko la mtandaoni bado limezishika hizo pesa. Mnunuzi anasema amepata boksi tupu, kwa hiyo wanataka kumrudishia."

"Mkodi," alisema Thongdam.

"Nini?"

"Si mnunuzi. Buddha hauzwi, afande, hukodishwa."

"Na akikodishwa hurudi?"

"Harudi. Lakini hauzwi." Mzee alicheka kidogo, kisha akaiweka tupa mezani. "Pesa si kitu. Paa litavuja, tutaweka ndoo. Mimi watu wananiachia vitu wasivyowaachia hata ndugu zao. Hawaniandikishi popote. Wanaacha, wanaondoka. Jina hilo likienda, nitabaki nimeshika nini hapa? Tupa?"

Duangta aliomba aone jinsi boksi lilivyofungwa, na Wilasini akamwekea video yake mwenyewe.

Kamera haikukatika tangu mwanzo hadi mwisho. Hirizi ilionyeshwa mbele na nyuma, na ufa mdogo kwenye bega la kushoto ukasogezwa karibu hadi ukaonekana vizuri. Ikaviringishwa kwenye sponji, ikaingia boksini, gazeti likajaza nafasi, utepe ukapita. Juu ya utepe Wilasini alitia saini kwa wino mwekundu, nusu kwenye utepe, nusu kwenye boksi, ili atakayebandua aache alama. Kisha mizani: gramu mia moja themanini na sita. Stika ya kampuni ya vifurushi ilisomeka namba zote. Bima ilikuwa ya thamani kamili, na mtu wa kukabidhiwa ni mkodi mwenyewe, Phinyo wa Phichit, peke yake, kwa saini na kwa picha.

Duangta, ambaye kila wiki hupokea watu waliotuma simu za bei mbaya kwenye mifuko ya sokoni, alitikisa kichwa kwa heshima.

"Nani amekufundisha?"

"Niliibiwa saa mbili na kamera moja," alisema Wilasini. "Shule ile ada yake kali."

"Basi hamkukosea mahali."

"Tulikosea. Muulize mjomba alifanya nini nilipozima kamera nikaenda kuvaa viatu."

Thongdam alirudisha macho kwenye kazi yake.

"Aliandika!" Wilasini alisema. "Pande zote nne! Kila siku ninawaambia watu, kitu cha thamani msikitangaze. Andika soksi kuukuu, andika sabuni, au usiandike kitu. Yeye ameandika nini?" Alimsogezea Duangta picha iliyopigwa kwenye kaunta ya vifurushi. Maandishi yalikuwa makubwa, mekundu, ya mkono wa mtu aliyezoea kuchonga: NDANI MNA HIRIZI TAKATIFU. USIWEKE CHINI. USILIVUKE KWA MGUU.

"Kawaambia wezi wote wa nchi hii," alisema Wilasini.

"Ulitaka nimwandikie Buddha soksi?" Thongdam aliuliza. "Soksi kuukuu?"

"Nilitaka afike!"

Ukungu ulikuwa umeingia dukani. Ndipo mzee alipomtazama Duangta shingoni.

"Yako imeingia maji."

Duangta aliishika. Ilikuwa hirizi ndogo ya mama yake, na ndani ya plastiki kweli kulikuwa na umande. "Ina miaka sasa."

"Udongo huo utalainika, sura ifutike. Niachie. Siku tatu tu."

Mkono wa Duangta ulibaki palepale kifuani. Kisha akaisukuma hirizi ndani ya kola ya shati. "Siku nyingine, mjomba. Kwa sasa kila aliyeligusa boksi lile ni mtuhumiwa, na wewe umo."

"Nimo," alisema Thongdam. Akageuka akaitazama misumari yake mitupu, na Duangta akaona aibu, akaaga.

Barabara ya kwenda Phichit ilipita juu ya tuta. Kulia maji, kushoto maji, mashamba ya mpunga yamezama, na mawingu yalionekana juu na chini hata gari likawa linapita katikati yake. Korongo weupe walisimama bila miguu. Alipofika kwenye tawi la kampuni ya vifurushi alikaa kwanza garini dakika moja ili ahakikishe ameshika ardhi.

Mashine ya tawi hupima kila kifurushi kinachoshuka kwenye lori. Karani alimtolea karatasi. Jumatatu ya wiki iliyopita, saa mbili na dakika tano asubuhi: gramu mia moja themanini na sita.

"Haikupungua hata moja," alisema karani.

Kwa hiyo hirizi ilifika Phichit salama. Mzee na mpwa wake walikuwa wametoka kwenye orodha, na walioligusa boksi baada ya mizani hiyo walikuwa wawili tu: mpeleka vifurushi na Phinyo. Duangta aliendelea kusoma karatasi, na kidole chake kikasimama. Boksi lilitoka tawini saa tatu na dakika kumi. Lilikabidhiwa saa tano na dakika hamsini. Nyumba ya Phinyo iko mwendo wa dakika arobaini.

Mpeleka vifurushi aliitwa Samniang, mama wa miaka hamsini hivi, mwenye koti la mvua la njano na sauti ya kuitia ng'ombe. Walikaa naye nyuma ya tawi, kwenye kibanda cha tambi, mvuke wa sufuria ukiwafunika na kuwafunua.

"Muda wa saa mbili na dakika arobaini," alisema Duangta. "Ulikuwa wapi?"

"Njiani."

"Njia gani hiyo?"

"Ya kuzunguka. Juu ya tuta, hadi lango la maji, halafu unarudi."

"Na ya mkato ina nini? Imefungwa?"

"Haikufungwa." Samniang aliminya macho. "Unanishuku, dada? Sema tu. Nimefanya kazi hii miaka kumi na saba."

"Nakuuliza kwa nini ulizunguka."

"Kwa sababu ya sketi."

"Sketi?"

"Sketi za watu! Siku hiyo jua lilichomoza kidogo baada ya mvua. Njia ya mkato inapita nyuani mwa nyumba za wenyewe, na kila mwanamke ameanika. Sketi, sidiria, sijui nini, zimening'inia hapa." Alionyesha juu ya kichwa chake. "Mimi nimebeba hirizi, imeandikwa pande zote nne, halafu nipite nayo chini ya sketi za watu? Mimi na ajali tutakutana wapi? Nilizunguka. Na sikuiweka kwenye kapu la pembeni, maana kapu liko chini. Niliifunga hapa kifuani na mtandio, kama mtoto. Watu wakanicheka njia nzima."

Karani wa tawi, aliyekuwa akila meza ya pili, alithibitisha bila kuulizwa kwamba yeye alikuwa wa kwanza kucheka.

"Ulipofika?"

"Akatoka mwenyewe. Nikampiga picha, sheria ya kazi. Hii hapa."

Duangta aliikuza picha ile kwa vidole viwili. Phinyo, mtu mnene mwenye shati jeupe, alisimama mlangoni ameliinua boksi kwa mikono miwili hadi kwenye paji la uso, amefumba macho. Nyuma yake, juu ukutani, ilionekana rafu ya hirizi yenye taa ndogo na makoja ya maua.

"Nilimwambia tazama kamera, hata hanisikii, anasali," alisema Samniang. "Akalipandisha kwenye ile rafu, akanipa chupa ya maji baridi. Mtu wa dini yule."

"Na hii hapa ni ya nusu saa baadaye," alisema Duangta, akamwekea video ya sekunde hamsini na mbili. Aliitazama naye kwa mara ya kumi na mbili. Boksi, kisu, saini nyekundu nzima haijaguswa, utepe unakatwa...

"Mama yangu!" Samniang alipiga meza, tambi zikaruka. "Kwa mguu?"

"Nini kwa mguu?"

"Rudisha. Hapo! Hapo!"

Duangta alirudisha. Kwenye sekunde ya tatu, kabla kisu hakijaingia, boksi lilikuwa sakafuni kati ya magoti ya Phinyo, na chini kabisa ya picha kidole gumba cha mguu kililisogeza kidogo kwenye mwanga. Mara kumi na mbili Duangta alikuwa akitazama mikono.

Tambi zake zilipoa. Alifungua ukurasa wa Phinyo akaanza kuangalia video zake za zamani, moja baada ya nyingine, za kila hirizi aliyowahi kupokea. Zilikuwa arobaini. Katika zote arobaini boksi lilikaa juu ya meza ndefu yenye kitambaa cha dhahabu. Katika zote arobaini Phinyo aliinama mara tatu, udi ukafuka, ndipo kisu kikatoka.

"Mbona hili moja alilifungulia chini?" Samniang aliuliza. "Alikuwa na haraka?"

"Mtu mwenye haraka hufupisha maombi," alisema Duangta. "Hasogezi Buddha kwa mguu."

"Sasa?"

"Sasa alijua kwamba Buddha hayumo. Na boksi halikuinuliwa hata mara moja, kwa hiyo upande wa chini hatukuuona. Alipasulia huko."

Samniang alifikiri, kisha akalivuta bakuli lake karibu. "Kumbe anayeogopa kupita chini ya sketi ndiye anayeuona mguu," alisema.

Alhamisi adhuhuri Duangta alifika kwa Phinyo akiwa na hati ya upekuzi na konstebo wawili wa Phichit. Nyumba ilikuwa ya mbao, juu ya nguzo, na maji ya mafuriko yalikuwa yametulia chini yake. Mwanga wake uliingia kupitia nafasi za mbao ukacheza darini, kiasi kwamba chumba chote kilionekana kuelea. Joto lilikuwa la kuchemsha yai.

"Mnaniaibisha mbele ya majirani," alisema Phinyo. "Mimi ndiye niliyeibiwa!"

"Boksi liko wapi?"

"Nimelitupa."

"Umeibiwa laki nne na themanini, na ushahidi umeutupa?"

"Lilikuwa linaniumiza roho kulitazama."

"Kwenye video ulilifungulia sakafuni."

"Nilikuwa na wasiwasi, Inspekta. Mtu ana wasiwasi, anakaa popote."

"Na mguu?"

Phinyo alifuta jasho.

Konstebo walianza kazi kama walivyofundishwa: mmoja alivuta droo za chini, mwingine akapiga magoti mbele ya kabati la viatu. Duangta aliwatazama kidogo.

"Inukeni," alisema. "Mtu huyu hawezi kuiweka huko. Si chini ya godoro, si chooni, si kwenye nguo za ndani. Tafuteni kuanzia kichwani kwenda juu."

Hapo Phinyo alirudi nyuma hatua moja.

Walitazama rafu ya hirizi kwanza. Zilikuwa ishirini na tisa, zote zinajulikana, zote zipo kwenye video zake za zamani. Walitazama juu ya kabati, juu ya friji, nyuma ya saa ya ukutani. Hamna. Mashati ya konstebo yalikuwa yamegeuka rangi kwa jasho.

"Mzee, tuwashie pangaboi basi, tunakufa," alisema mmoja wao.

"Limeharibika."

"Lini?"

"Wiki iliyopita."

Duangta alikuwa anatazama sakafu. Ilikuwa safi, imepigwa nta, mwanga wa maji ukitembea juu yake. Katikati ya chumba, mbali na rafu, mbali na dirisha, palikuwa na vijiua viwili vya asumini. Kimoja kimeshageuka kahawia. Kingine bado cheupe, cha asubuhi hiyohiyo. Alisimama karibu navyo bila kuvikanyaga, akanusa, akainua uso polepole. Moja kwa moja juu yake palikuwa na pangaboi.

"Leteni kiti," alisema.

Konstebo alipanda. Juu ya kitovu cha pangaboi, pale mtu aliye chini hawezi kuona, palikuwa na kisahani cha shaba. Juu ya kisahani kitambaa cha dhahabu, juu ya kitambaa hirizi yenye ufa kwenye bega la kushoto, na kuizunguka koja bichi la asumini. Kwa siku kumi Phinyo alikuwa amekaa kwenye joto lile ili pangaboi lisimzungushe Buddha.

Phinyo alijiketisha sakafuni mwenyewe, mikono imeunganishwa.

"Nieleze kitu kimoja," alisema Duangta. "Mbona hukuliinua? Ungeliweka juu ya meza yako, ukafukiza udi, ukainama mara tatu kama siku zote. Mimi nisingekuwa hapa."

"Niinamie boksi tupu?" Phinyo alishangaa kweli, hadi machozi yakamlenga. "Na mwenyewe yuko juu ananitazama? Hiyo ni dhambi, afande."

"Na yule mzee?"

"Nimemwombea," alisema Phinyo. "Kila asubuhi, tangu siku ile. Kwa jina lake."

Konstebo aliyekuwa juu ya kiti alikohoa, akageuza uso upande wa dirisha.

Ijumaa saa kumi na moja jioni ukungu ulikuwa umerudi Uthai Thani. Wilasini alisimama katikati ya duka akisoma kwenye simu kwa sauti ya kusikika hadi mtoni. Viongozi wa kundi walikuwa wameandika, wameomba radhi, wameweka picha ya Phinyo pale walipokuwa wamemwekea nafasi Thongdam.

"Watu elfu sita wamekuombea heri, mjomba! Elfu sita!"

"Imelala wapi?" Thongdam alimuuliza Duangta.

"Kwenye kabati la ushahidi hadi kesi iishe. Rafu ya juu kabisa. Nilipanda kiti kuiweka."

"Hukuivuka?"

"Sikuivuka."

Mzee aliitika kwa kichwa. "Na yule mama wa sketi, nitamtengenezea fremu bure. Amwambie mtu yeyote hapa duniani nimesema hivyo." Kisha akatazama ukuta. Bahasha bado zilikuwa tatu.

"Watarudi," alisema Wilasini, sasa kwa sauti ndogo.

"Labda. Mtu akishaogopa, mguu unakuwa mzito."

Duangta alipeleka mikono nyuma ya shingo. Kufuli ya mkufu ilikuwa na kutu, ikamchelewesha. Alipoifungua aliishika hirizi ya mama yake kwa mikono miwili, akaiinua hadi kwenye paji la uso, akaiweka kwenye kiganja cha Thongdam.

"Imeingia maji," alisema.

Mzee alishusha miwani yake, akaigeuza hirizi kwenye mwanga mara moja, mara mbili.

"Siku tatu," alisema. "Nikuandikie risiti?"

"Ya nini?"

Thongdam alichukua bahasha, akaandika jina kwa herufi kubwa nyekundu, akapanda kigoda, akaitundika kwenye msumari wa nne. Akashuka, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kama imekaa sawa. Ilikaa sawa.